Kiboko Aliyeitwa Boke

Hilda Mugeta wa Nyasho aliwaandikia watoto kila kitu: hadithi, vitendawili, michezo ya kuigiza, hata nyimbo za kujumlisha na kutoa. Kuanzia Butiama hadi Bunda walimjua. Kilichomsumbua ni majina. Kwao kila jina lina mwenyewe, na mwenyewe ana ndugu wenye hasira za karibu. Mwite fisi Magige uone, ukoo mzima utakuja kukuuliza. Ndiyo maana wabaya wote wa vitabuni mwake waliitwa Hilda.

Safari hii akajisahau. Kiboko mlafi akamwita Boke, kwa mapenzi tu, jina la shangazi yake wa Nyegina aliyemlea kwa hadithi. Kiboko Boke akafakamia viazi vya kijiji kizima, tumbo likapasuka, akafa. Watoto walicheka mpaka basi.

Shangazi hakucheka. Alikuwa na uvimbe tumboni, na daktari wa Bunda alishampangia siku ya upasuaji. Aliposomewa kitabu kile, akatoa kanga zake kwenye mkoba wa safari, akazirudisha kabatini.

"Siendi," akamwambia Hilda alipofika mbio. "Umeshaniandikia kifo, tena cha tumbo. Mwenye jina langu amekufa, mimi nitaponaje?"

Jamani, Hilda alitamani ardhi ipasuke immeze. Vitabu vilishasambaa shuleni, havirudi. Na yeye alimpenda shangazi huyu kuliko vyote alivyoandika. Akaketi jikoni, akashika kisu, akawa anamenya viazi huku anasimulia: kumbe kiboko alizimia tu. Wavuvi wakamshona tumbo kwa uzi wa nyavu.

"Uzi gani, ule uliooza?" shangazi akadakia. "Nilikuwaga nakufundisha kudanganya vizuri kuliko hivyo. Wamshone kwa uzi mpya."

Wakamshona kwa uzi mpya. Kiboko akazinduka, akatazama ziwani, akaona...

"Ishia hapo," shangazi akasema, akauvuta mkoba. "Alichoona utaniambia nikitoka kupasuliwa."

Siku ilipofika, Hilda alikaa kwenye benchi la hospitali, mwandishi mzima, hajui kiboko aliona nini. Wala hakuwaza. Alishika rozari, akaomba na kuomba tena.

Jioni wakamruhusu kuingia. Shangazi alikuwa amelala kimya, midomo imekauka. Hilda akamwita kwa sauti ndogo, akaogopa kuita tena.

Shangazi akageuza uso polepole.

"Enhe," akasema. "Kaona nini?"

Hilda akaangua kilio, na shangazi akamngoja amalize, aendelee.