Profesa Asiyeogopa Radi

Mtu wa kwanza kumfundisha hesabu Profesa Mabula ni mimi, shangazi yake. Lakini msinisifu sana: nilimfikisha kumi kwa vidole vyake mwenyewe, na alipotaka kumi na moja nikamwambia akamuulize mwalimu.

Wazungu wakamalizia palipobaki. Miaka saba huko kwao, kisha miaka kumi na minne akifundisha fizikia chuoni Dar es Salaam na kutafiti plazma. Alitueleza hapa Segese, mwaka ule wa mvua za El Nino, mguu juu ya mguu: hewa ikipashwa moto kupita kiasi inavunjika, inabeba umeme na kuwaka. Plazma ndiyo inayowaka kwenye taa ndefu ya dukani kwa Rajabali. Hata radi ni plazma. Mashine yake ya kuitengeneza ilikuwa ikingojea pampu mwaka wa sita sasa, lakini utafiti, alisema, unaendelea. Hata mimi nimewahi kutafiti pilau ya harusi hivyo hivyo, nikiwa nje ya ua.

Tulimwita kwa ajili ya Zipora, mjukuu wangu. Alichaguliwa kusoma fizikia chuo hicho hicho, baba yake akakataa. Mwanangu Jilala radi ilimuulia ng'ombe watano siku moja. Hakutaka mtoto aende kuichokoza.

"Binamu," Jilala akamwambia, "wewe umekaa nayo miaka yote. Unaiogopa?"

"Mimi? Niogope kitu ninachokitengeneza?"

"Basi. Kama wewe huiogopi, mtoto ataenda. Kama unaiogopa, habanduki hapa."

Mvua ikaanza saa nane. Ngurumo ya kwanza tu, Profesa akatoka mbio kwenye gari lake, eti kufunga madirisha. Aliporudi, mkwe wangu Mageni alikuwa anafunika kioo cha ukutani kwa kanga, kama tufanyavyo wote radi ikipiga.

"Aa, shemeji!" Profesa akacheka. "Radi ina nywele za kuchana hata ije kujitazama? Huo ni ushamba."

Akatufundisha nusu saa nzima, kama watu waliofungiwa darasani. Nilisinzia mara mbili, hakuona.

"Hiyo mashine," Jilala akasema, "una picha yake?"

"Iko garini. Ngoja mvua ikatike."

"Si huiogopi?"

"Siogopi. Ni viatu tu, vitalowa."

Zipora akasimama. "Naileta mimi. Ni hatua kumi, na ndani ya gari radi haimpati mtu, chuma kinaipitisha nje."

"Zipora!" mama yake akapiga kelele, lakini mtoto alishatoka. Radi ikapiga upande wa Bulyanhulu, nyumba nzima ikawa nyeupe. Profesa alikuwa ameshika kiti changu, nami nimo.

Zipora akarudi amelowa chapachapa, anacheka. Mkono mmoja picha, mkono mwingine soksi mbili za kijivu.

"Baba Profesa, hizi nimezikuta zimevalishwa vioo vya pembeni vya gari. Kimoja kulia, kimoja kushoto."

Tukatazama miguu ya Profesa. Viatu vilikuwapo, soksi hazikuwapo.

Jilala hakumtazama yeye. Alimtazama binti yake, maji yakimchuruzika mpaka sakafuni.

"Utaenda," akamwambia. "Nilimuuliza mtu asiyehusika." Kisha akageuka. "Na hizi soksi, binamu?"

"Nilizianika zikauke," alisema Profesa, na ilibidi apaze sauti tumsikie, mvua ilivyokuwa inalitwanga bati.