Chombo cha Starehe

Mara ya kwanza na ya mwisho mjane alipokaa ndani ya boti ile, ilikuwa nchi kavu. Ilikuwa imepandishwa juu ya matofali nyuma ya karakana ya mchomeleaji, kati ya lundo la vyuma chakavu na mlango wa gari usio na gari. Alivua viatu kwanza, kama mtu anayeingia nyumba ya watu. Akakaa kiti cha mbele, mkoba mapajani, akatazama mbele. Mbele kulikuwa na ukuta. Hata hivyo aliutazama kwa kitambo, na mchomeleaji, ambaye hakujaliwa kunyamaza, alizima mashine yake akamwacha atazame.

Kwenye kipande cha bati kilichoning'inizwa ubavuni pa boti palikuwa pameandikwa kwa rangi nyekundu: CHOMBO CHA STAREHE. BEI YA MAELEWANO.

Ilikuwa boti ndogo ya faiba, weupe wake umefifia ukawa rangi ya jino. Ilikuwa na viti vinne vya sponji iliyochunika, makasia mawili, na kando ya kila kiti kishimo cha kuwekea glasi. Vishimo hivyo ndivyo vilivyomkamata. Umri wake wote wa kazi aliumalizia kwenye sinki la hoteli ya kando ya ziwa, akiosha glasi zilizorudi kutoka majini na alama za midomo ya watu. Kwa kidirisha cha juu ya sinki aliwaona wakiondoka wamekunja nyuso na kurudi wamelegea, kana kwamba huko katikati ya maji kulikuwa na mtu anayewafungua vifundo. Wenzake wakamwita Mama Vyombo. Alipostaafu akapewa kiinua mgongo, na njiani alicheka peke yake kwa neno hilo, maana mgongo wake ulishajifunza kimo cha sinki na hapakuwa na fedha ya kuuinua. Lakini saa moja juu ya maji, bila kitu mikononi, hiyo aliitaka. Si dhambi, alijiambia. Hata Muumba alipumzika.

Jirani yake, fundi cherehani, alipozisikia habari hizo aliweka mkasi chini.

"Shoga, matanga hayajapoa vizuri, umeshaanza kutafuta chombo cha starehe?"

"Boti, wewe. Boti."

"Si ndiyo hivyo hivyo? Kimezeeka, kinakula nafasi, na kisiposukumwa hakiendi. Mimi changu kimo humo ndani, saa hizi kinakoroma. Ungesema tu nikuazime."

Wakacheka mpaka mjane akafuta macho kwa ncha ya kanga. Kilikuwa kicheko chake cha kwanza cha tumbo tangu azike mume.

Mchomeleaji hakukataa kumuuzia. Alisema tu, kwa adabu zote, "Mama, njoo na mwanaume tuongee. Vyombo vya maji vina maelezo yake." Mume alikuwa udongoni, basi akamwendea shemeji yake, mdogo wa marehemu.

Shemeji alikuwa msimamizi wa ghala, mtu wa kupita kila mlango kama aliyesubiriwa ndani. Aliizunguka boti mara mbili, akaipiga teke la pole, akainama kuchungulia chini.

"Hii ni boti au beseni?"

"Bosi, faiba ya aina hii huipati tena."

"Siipati kwa sababu hakuna anayeitafuta. Sema bei ya watu wazima."

Walivutana, wakacheka, wakanuniana, mchomeleaji akaapa kwa mama yake, shemeji akajifanya anaondoka, na bei ikashuka kama ndoo kisimani. Mwenye fedha alisimama kando, fedha zake zimefungwa kwenye leso, na katika mazungumzo yote yale macho ya muuzaji hayakutua kwake hata mara moja. Ila alipoona bei ilipofikia, moyo ulimjaa. Hakutegemea kubakiwa na kitu.

"Nimekuokoa hapo, shemeji," alisema shemeji, akipangusa mikono.

"Mungu atakulipa," alijibu, na alimaanisha. Hakujua kwamba shemeji hakuwa na nia ya kumsubiri Mungu.

Boti ililetwa nyumbani kwake, maana nyumba yake ilikuwa hatua chache tu kutoka ufukweni. Siku ya mapumziko ilipofika aliamka mapema, akapika, akafunga chakula, akavaa gauni lisilozuia miguu. Shemeji akaja na mkewe, na bosi wake wa ghalani, na mke wa bosi. Waliisukuma majini kwa kelele na furaha. Mjane alipomaliza kupanga vikapu kivulini na kugeuka, viti vyote vinne vilikuwa na watu.

"Shemeji, wewe baki na vyombo," shemeji aliita kutoka majini. "Tukirudi tutakuwa na njaa ya simba. Wiki ijayo zamu yako."

Alikaa ufukweni akilinda sufuria na sahani, akiwatazama wanavyozidi kuwa wadogo. Waliporudi, nyuso zao zilikuwa zile zile alizozijua kutoka kidirishani. Walikula vizuri. Mke wa bosi alimsifia mkono wake, akamwachia glasi yenye alama ya mdomo.

Wiki iliyofuata walikuja ndugu wa mke wa shemeji. Nyingine akaja mtu wa benki ambaye shemeji alikuwa na shida naye. Siku moja mjane alijitahidi: alikunja pindo la gauni, akaingiza mguu mmoja ndani, maji yakimcheza kwenye kifundo cha mguu mwingine.

"Uzito, shemeji," shemeji alisema kwa upole wa mtu anayemwonea mwenzake huruma. "Chombo ni cha watu wanne, na sisi tumetimia."

Akautoa mguu.

Siku hiyo shemeji aliondoka na makasia begani. "Nayachukua mimi. Huku kwako yataibwa."

"Yakiibwa, yataibwa kwangu, shemeji."

"Ndiyo maana nayachukua."

Fundi cherehani aliyashuhudia hayo akiwa mlangoni pake. "Kuku wako mwenyewe, manati ya nini?" alisema. "Nenda kamwambie."

Alikwenda. Alimkuta shemeji sebuleni na wageni, na kabla hajakohoa, shemeji alishaanza kusimulia jinsi mchomeleaji alivyotaka kumla mjane wa watu mzimamzima, na jinsi yeye alivyosimama kidete. "Bila mimi angepigwa bei ya meli," alisema, na wageni wakamgeukia mjane wakisubiri. Akasema ahsante. Alirudi nyumbani ameisema kwa mara ya saba au ya nane, akatambua njiani kuwa deni la shukrani halina stakabadhi. Mdai peke yake ndiye ajuaye limebaki kiasi gani.

Ndipo akaanza kuitafutia boti mnunuzi, kimyakimya. Kinyozi mmoja aliipenda, akaipapasa, akauliza makasia yako wapi, akaondoka. Wa pili akauliza hivyo hivyo. Wa tatu alikuwa mfuga ng'ombe, mtu mfupi mwenye matope hadi magotini, ambaye hakutazama viti wala rangi. Alimwaga ndoo ya maji ndani, akachuchumaa kuchungulia kwa chini.

"Haivuji," alisema.

"Haivuji. Lakini makasia sinayo hapa."

"Ng'ombe wangu hawapigi makasia, mama. Nataka hori la maji."

Bei aliyoitaja ilikuwa chini ya ile iliyoshangiliwa karakanani. Neno moja tu la uongo kwa shemeji, kwamba makasia yanahitaji kupakwa mafuta, lingemrudishia makasia, na kinyozi na bei nzuri, na boti ingeendelea kuelea na watu wengine wangestarehe ndani yake. Alilifikiria neno hilo. Kisha akapokea fedha za mfugaji. Alisimama akimwangalia aking'oa viti kimoja kimoja kwa nondo na kuviacha vimelala uani, na kilichompanda kifuani kilikuwa furaha, lakini furaha iliyochacha, ya kumfanya mtu ageuke kuona kama kuna aliyemwona.

Siku ya mapumziko shemeji alikuja na makasia begani, wageni watatu nyuma yake, na kofia mpya. Alisimama uani, akaangalia vile viti vinne vilivyolala chali.

"Chombo kiko wapi?"

"Kimepata kazi, shemeji."

"Kazi gani?"

"Kinanywesha ng'ombe."

Mgeni mmoja alikohoa kikohozi kisicho cha mafua. Shemeji aliyashusha makasia taratibu.

"Umeuza mali ya ukoo bila kuniuliza?"

"Mali ya ukoo," alirudia mjane, kama anayelijaribu neno kwa ulimi.

"Kaka angekuwepo leo, usingethubutu."

Alifungua kinywa kujibu. Jibu alikuwa nalo. Alilitunza tangu siku ya kwanza pale kivulini na vikapu: kwamba kaka yako angekuwepo, angesema, mpisheni mke wangu akae. Alimtafuta marehemu moyoni ili awe shahidi wake. Akamwona. Alikuwa amekaa kiti cha mbele, miguu ameinyoosha, glasi imo kishimoni, akicheka na mdogo wake, na hakuwa akiangalia nchi kavu. Picha ilikuja nzima, bila kualikwa, hata namna alivyozoea kushika kofia upepo ukivuma.

"Kweli, shemeji," alisema. "Nisingethubutu."

Shemeji, aliyejiandaa kwa ugomvi, hakupata pa kuushika. Aliwakusanya wageni wake, akaondoka na makasia.

Alfajiri iliyofuata mjane alipiga magoti kando ya kitanda kumwombea mumewe, kama alivyofanya kila alfajiri tangu amzike. Alianza vizuri. "Umpumzishe," alisema, na neno lililozoea kufuata, kwa amani, halikuja. Alilirudia hilo la kwanza, polepole, akangoja. Kwa mbali, upande wa hoteli, mtu alikuwa akiwasha injini ya boti. Ikakataa, akaiwasha tena. Goti lake la kulia lilianza kuuma. Hakuinuka, wala hakuendelea.