Kiti cha Makindu

Kalondu alikwenda Salama kununua kabati. Alipochoka kusubiri alikalia kiti kilichokuwa mlangoni pa duka la Wahome, muuza fanicha za mitumba. Wahome akamwuliza kama angechukua kiti hicho badala ya kabati. Akasema ndiyo, akarudi nacho Kathonzweni.

Kilikuwa kiti cha kale chenye mikono, kimetoka kwenye nyumba ya wakubwa wa reli kule Makindu. Miguu ya mbele ilikuwa mifupi kuliko ya nyuma, hivyo aliyekikalia aliinama kidogo kama anayeombewa. Hakuna aliyejua kilitengenezewa kazi gani. Mchungaji alisema ni cha kunyolea, Gedion fundi wa mbao akasema ni cha kung'olea meno. Kila mmoja alikikalia ili kuthibitisha, na Kalondu alipomwuliza kama labda amekosea, alijibu ndiyo.

Aliyekitambua ni Nduku, mama mkwe wa Kalondu. Alikitazama akiwa amesimama na mkongojo wake.

"Baba yangu alikaa hapo," alisema. "Wazungu walimwuliza kama amekubali tuhame. Tulikuwa nje, tukasikia akisema ndiyo. Mpaka akakufa alikuwa anashangaa ile ndiyo ilitoka wapi."

"Kumbe ni kiti ya kukubalisha watu, mwaitu?" Kalondu alimwuliza mama mkwe.

"Haina kazi ingine."

Kalondu alifurahi sana. Tangu mumewe azikwe, shemeji yake Mbaluka alikuwa akileta malori kuchota mchanga wa mto kwenye shamba la Kalondu. Kisima alichochimba mchangani kilikuwa kimekauka, na mto ulikuwa umeanza kula ndengu zilizopandwa ukingoni. Akawaita wazee wa ukoo, akawapikia muthokoi. Mbaluka, kwa kuwa ndiye kifungua mimba, alikwenda moja kwa moja kwenye kiti chenye mikono bila kuelekezwa.

"Shemeji, hiyo mchanga ni yangu?" Kalondu aliuliza.

"Ndiyo."

"Utawacha kuichota?"

"Ndiyo."

Wazee wote walisikia. Wakaomba, wakala, na Kalondu akalia kwa furaha mbele yao bila aibu.

Jumatatu malori yalikuja kama kawaida. Wazee walipoulizwa walisema Mbaluka alisema vizuri sana, lakini mwenye nguvu mpishe. Ilionekana kwamba kiti kilimfanya mtu akubali tu. Kuhama au kutohama, kuacha au kutoacha, kulitegemea nani amekikalia na nani anauliza.

Mbaluka naye hakuwa mjinga. Alijua ile ndiyo haikuwa yake. Alikipakia kiti juu ya mchanga, kwa haki ya mkubwa wa boma, akampelekea naibu wa chifu kama zawadi.

Kalondu alipokwenda kushtaki alikikuta ofisini, upande wa wananchi. Akabaki amesimama.

"Mama, hapa hatusikizi mtu amesimama," naibu alisema. "Keti uongee."

Kalondu alisema miguu haimuumi. Naibu akaanza kumwita aliyefuata kwenye foleni. Kalondu alikifikiria kisima chake, akajua akitoka bila kuongea hatapata pengine pa kwenda. Akaketi ukingoni kabisa mwa kiti, akijishikilia kwa mikono miwili.

"Hii maneno ya mchanga mlishamaliza kama familia, sindio?"

"Ndiyo," Kalondu alisema.

Naibu akamshukuru kwa kuja. Kalondu akainuka, akampisha mama aliyekuwa akingoja mlangoni.