Kilomita Thelathini na Tano Zilizobaki

Bi Mikono alikuwa fundi cherehani. Jina hilo alibandikwa na shemeji yake, mume wa mdogo wake, siku alipofungua kwa mkono mmoja koki ya mtungi wa gesi iliyokuwa imemshinda yeye, mwanamume mzima. Miaka tisa kabla ya hapo, alianguka kwenye ngazi za kiwanda cha nguo akiwa na jora la kitambaa begani. Uti wa mgongo ukavunjika, na kuanzia kiunoni kwenda chini hakuhisi tena kitu. Alipopata nafuu alirudi kwenye kushona. Pedali ya cherehani ya umeme aliiweka juu ya meza, akawa anaibonyeza kwa kiwiko, na mapazia yake yalinyooka kuliko ya mafundi wenye miguu yao.

Baiskeli ya mikono aliachiwa na mteja aliyekuwa akihama. Ni dude refu la magurudumu matatu. Unakaa chini, karibu na lami, miguu umeinyoosha mbele, unazungusha mipini kwa mikono usawa wa kifua. Mwanzoni alizunguka mtaa tu. Kisha akafika sokoni, kisha darajani, kisha mji wa jirani na kurudi. Alimwambia mdogo wake kwamba baada ya saa mbili kichwa hutulia, anabaki na pumzi zake na mlio wa mnyororo.

Alipojiandikisha kwenye mbio za kilomita mia na hamsini kwa siku moja, mdogo wake, ambaye ni muuguzi, hakumkataza. Alitoa sharti moja tu: kila baada ya saa mbili wasimame, wafunike madirisha ya gari kwa shuka, amkague ngozi. Asiyehisi makalio yake hawezi kujua kama yanaumia, na miaka minne nyuma kidonda kidogo kilimlaza Bi Mikono kifudifudi miezi mitatu. Alikubali bila ubishi. Kwa ajili ya safari alijishonea foronya mpya ya mto wa kiti, ya kitambaa kizito, yenye mshono wa mara mbili katikati, akaisifia wiki nzima.

Siku ya mbio waliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Shemeji aliendesha gari nyuma yake polepole, akimtania dirishani kwamba akichoka aseme wabadilishane, yeye alale pale chini, Bi Mikono ashike usukani. Ukaguzi wa kwanza ulikuwa safi, wa pili na wa tatu pia. Kilima cha tatu alikipanda kwa dakika arobaini, jasho likimwingia machoni.

Kwenye kilomita ya mia na kumi na tano waliegesha kando ya ghala la mbao. Safari hii mdogo wake alichukua muda.

"Umeona nini?" Bi Mikono aliuliza.

"Mstari. Pana joto, na nikibonyeza rangi haibadiliki. Ndivyo kidonda kinavyoanza."

"Zimebaki thelathini na tano."

"Najua."

"Ungekuwa wewe?"

"Ningeacha. Lakini mwili ni wako, dada."

Bi Mikono alikunja na kukunjua vidole. Mikono bado ilikuwa na nguvu, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Nje, shemeji, ambaye hakosi neno, alikuwa akifuta kioo cha gari kisicho na vumbi. Bi Mikono alikumbuka miezi mitatu ya kutazama sakafu.

"Nipakieni," alisema.

Njiani alilia kidogo, bila kujificha, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Nyumbani aliomba mdogo wake ampigie picha ile alama. Aliitazama kwenye simu, akaikuza, akaikuza tena. Mstari ulikuwa mnyoofu mno, na pembeni yake palikuwa na vidoa vidogo vilivyopishana sawasawa. Akaomba aletewe mto. Akapitisha kidole kwenye mshono wa mara mbili, kisha akaanza kucheka.

"Hii ni kazi yangu mwenyewe," alisema. "Naijua hata gizani."

Alilala kifudifudi siku tisa, ngozi ikarudi kama kawaida. Foronya aliifumua, akakata nyingine ya kitambaa laini cha kipande kimoja, mishono akaipeleka pembeni mahali ambapo mwili haugusi. Akaanza mazoezi upya, kutoka sokoni.

Mwaka uliofuata alimaliza zote mia na hamsini kwa saa kumi na moja na dakika ishirini, wakati waandaaji wakikunja viti. Wa mwisho kabisa. Waliviacha viti, wakampigia makofi.

Asubuhi yake hakuweza kunyanyua kikombe cha chai. Mdogo wake alikishika, akamnywesha funda kwa funda, huku shemeji akiuliza kama jina la Bi Mikono bado linafaa. Bi Mikono alimeza kwanza, kisha akamjibu asubiri hadi kesho.