Mzimu Aliyeleta Miraa

Miaka ile ya tisini hapakuwa na mtu aliyenufaika na mizimu kama Cicily Gatakaa, mwalimu wa shule ya msingi mjini Embu. Vitabu vyake viwili, vya mapenzi ya msichana Sheila na Muriuki, kijana aliyekufa akarudi na ukungu wa milima ya Nyambene, viligombewa kama maji ya bomba. Huko Kiritiri, akina mama walisomeana sokoni mpaka mbuzi wakawaponyoka. Mjini Maua, pikapu zilizopeleka miraa Nairobi zilirudi na katoni za vitabu. Mhubiri mmoja alimlaani Muriuki Jumapili, na Jumatatu duka likaishiwa na nakala.

Mtu mmoja tu hakufurahi: babake, Mzee Naftaly, mzee wa kanisa kule Maua. Aliona haya jina la nyumba yake kukaa jaladani pamoja na mzimu.

"Maliza hicho cha tatu," alimwambia, "halafu iwe basi."

Gatakaa hakuwa amewahi kumkaidi babake. Alikubali, kisha akalia kama mtoto. Ndipo katika kitabu cha tatu akamwoza Sheila kwa Njuki, karani wa Embu, mtu hai mwenye baiskeli. Muriuki akayeyuka na ukungu wake, mambo yakaisha.

Yakaisha wapi! Kitabu kilipotoka tu, Gatakaa akiwa kwao Maua anachambua maharagwe na mamake, ua ulijaa watu. Mbele alikuwa Lenah, mwuza ndizi, na Kaberia, dereva wa pikapu, wote wamefura.

"Mzee, tumekuja kwako kwa sababu aliyekosa ni mtoto wako," Lenah akamwambia Naftaly. "Kwa kitabu ya pili, Muriuki alileta miraa kwa babake Sheila. Imefungwa na majani ya ndizi vile inatakiwa. Babake akapokea, akatafuna! Sasa huyu karani ametoka wapi?"

Gatakaa alitamani ardhi immeze. Ile miraa aliiandika kama pambo tu. Kukaa sana Embu kulikuwa kumemsahaulisha kwamba huku kwao, baba akishapokea kifurushi kile, binti ameposwa, wala haolewi kwingine mpaka kirudishwe.

"Lakini Muriuki ni mzimu," akajitetea.

"Mzimu ama si mzimu, miraa ilitafunwa!" Kaberia akafoka.

Macho yote yakamgeukia Naftaly. Maskini mzee! Kesi za posa kijijini aliziamua yeye, na hakuwahi kuruhusu miraa iliyotafunwa isahaulike. Akimwachia karani yule mke, amekanyaga hukumu zake zote. Akimnyima, amebariki mzimu, na kitabu cha nne juu yake. Alivua kofia, akaivaa, akaivua tena. Kalamu ya Gatakaa, furaha yake yote, ilikuwa kinywani mwa mtu huyu.

"Miraa haikurudishwa?" Naftaly akauliza.

"Haikurudishwa!" ua mzima ukajibu.

"Basi huyo msichana ni wa Muriuki. Karani atafute mwingine."

Vigelegele vikapasuka. Kaberia alikimbia kwenye pikapu akapiga honi mpaka kuku wakapanda paa.

"Baba, ina maana niandike kingine?" Gatakaa aliuliza, moyo ukimrukaruka.

"Wewe ndiwe uliharibu, wewe ndiwe utatengeneza. Lakini asichukue binti ya watu bure. Alete watu wake, mahari izungumzwe."

"Watu wake walikufa wote, Baba."

"Si ndiyo vizuri? Hakuna atakayekosa nafasi ya kuja."

Wageni walipoanza kutawanyika, mzee akamsogelea, akashusha sauti.

"Na huyo babake Sheila, usimwandike mfupi tena. Watu watafikiri ni mimi."

Ufupi wa babake Sheila ulitajwa mara moja tu, katikati kabisa ya kitabu cha pili.

"Baba! Kumbe unavisoma?"

"Mimi? Ni mamako," Naftaly akasema, akitazama pembeni. "Macho yake yameharibika, lazima nimsomee. Mtu atafanya nini?"

Gatakaa akamgeukia mamake. Alikuwa ameketi palepale penye maharagwe, bila miwani, akitoa vijiwe vidogo kimoja kimoja, wala hakikumpita hata kimoja.