Viatu vya Bibi vya Jumapili

Mtaani kwetu naitwa Hakuna, na jina hilo nililipata kwa mdomo wangu mwenyewe. Mteja akisema, "Nitavifuata kesho, Mungu akipenda," mimi humjibu, "Hakuna. Ukipenda wewe." Ni fundi viatu. Nina kibanda cha mabati mkabala na duka la vyuma, na juu ya mlango nimeandika kwa rangi nyekundu mistari niliyoitunga na kuipima mizani mwenyewe, bila kufundishwa na mtu:

*Kiatu kilichokufa, kilete nikifufue;*
*Miujiza mimi sina, ni sindano tu, ujue.*

Mistari hiyo nusura inikoseshe mke.

Mchumba wangu ni fundi cherehani. Amelelewa na bibi yake, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Siku nilipopeleka posa, kumbe Bibi alikwisha kupita kibandani na kuusoma mlango wangu. Hakuniuliza ukoo wala kazi.

"Wewe ndiye unayefufua?"

"Viatu tu, Bibi."

"Na Mungu humwogopi."

"Siwezi kumwogopa nisiyemwona."

"Mwizi naye humwoni. Mbona usiku unafunga kufuli?"

Mjomba wa mchumba wangu alicheka mpaka akapaliwa na chai. Nilijua nimepigwa, na mimi sipendi kupigwa. Nikafungua mdomo nijibu, Bibi akainua kidole.

"Tulia, mjukuu. Swali langu ni moja. Mtu yuko peke yake, ameshika siri ya mwenzake, na hakuna anayemtazama. Nani anamzuia? Mimi wangu namjua. Wako simjui, na siwezi kumpa mtoto wangu mtu asiyezuiwa na yeyote. Nenda nyumba tatu za ibada, maana jifya moja haliinjiki chungu. Usiende kubishana, nenda ukakae. Baada ya wiki mbili uje mbele ya ukoo utuambie umeona nini. Ukidanganya nitajua, na huyu utamwona kwenye picha."

Nje, mchumba wangu alinifinya mkono.

"Kwani ungekufa ukisema, 'Ndiyo Bibi, namwogopa'?"

"Ningekuwa mwongo."

"Ungekuwa mume."

Ijumaa nilikwenda msikitini. Nilivua viatu mlangoni kama wengine, nikakaa nyuma kabisa, karibu na ukuta, nikiwa na nia safi ya kusikiliza. Kosa langu ni kwamba nilikaa mahali ninapoviona viatu. Jamani, hebu fikiria mganga wa meno awekwe mbele ya vinywa mia tatu vilivyo wazi! Palikuwa na ndala moja ya ngozi, ya kahawia, mkanda wake umebakiwa na uzi mmoja tu. Nilitazama mbele. Hotuba ilikuwa juu ya amana. Nikaitazama ndala. Mwenyewe akitoka hapa, hatua kumi hafiki. Nikajivuta polepole mpaka kwenye ngazi, nikatoa sindano na uzi mfukoni, maana sitembei bila hivyo, nikaanza.

Sikusikia ibada ilipokwisha. Nilichosikia ni sauti juu ya kichwa changu.

"Ndugu, hiyo ndala ni yangu."

"Najua si yangu."

"Sasa inafanya nini mapajani mwako?"

"Naishona."

"Nani kakutuma?"

Hapo sikuwa na jibu, na mtu asiye na jibu akiwa na ndala ya mwenzake ana jina moja tu. Lilitajwa. Watu wakajaa. Mzee mmoja mwenye fimbo aliichukua ndala, akaugeuza mkanda, akauvuta kwa nguvu. Ukakaa.

"Mwizi gani huyu," akasema, "anayeacha mali nzima kuliko alivyoikuta? Mwacheni amalizie fundo."

Nilimalizia fundo, nikashukuriwa, nikaombwa radhi. Nilipotafuta viatu vyangu mimi, havikuwepo. Nilirudi mtaani peku, fundi viatu mzima, na mtaa wote ukatoka nje kuangalia. Kesho yake bwana mmoja mnene alivileta kibandani kwa aibu.

"Nilivaa kwa makosa," akasema. "Nilisikia raha tangu kwenye kidole gumba, nikadhani miguu yangu imepona."

Jumapili nilikwenda kanisani. Safari hii viatu vilikuwa miguuni mwa wenyewe, nikapumua. Nilikaa benchi la mwisho karibu na mama mmoja mwenye kofia ya majani. Wakisimama, nilikuwa nimekaa. Nikisimama, wanakaa. Mara ya nne nikaamua nibaki nimesimama nisubiri warudi, na hapo ndipo kiongozi alipokuwa ameomba wageni wasimame wajitambulishe.

"Karibu sana, ndugu! Umetuletea salamu gani?"

Watu mia mbili waligeuka. Mimi, mbishi wa mtaa mzima, nikashika benchi la mbele kwa mikono miwili.

"Nimekuja," nikasema, "kwa ajili ya mke."

"Wa nani?" akauliza mzee wa mbele, na kanisa zima likaangua kicheko. Mama mwenye kofia alinivuta shati nikae.

"Hapa utapata, mwanangu," akaninong'oneza. "Lakini kwanza jifunze kukaa."

Kisha wakapiga magoti kusali, nami nikaona kitu ambacho kwa miaka kumi na moja ya kazi sikuwahi kukiona. Nyayo. Benchi baada ya benchi, soli zote zimenigeukia mimi. Anayepiga magoti mara kwa mara, kiatu chake hunena: ncha ya mbele imechubuka, na nyuma ya vidole kuna mkunjo mmoja wa kina, kama wa paji la uso. Kulikuwa na bwana mwenye suti aliyekuwa akiitikia amina kuliko wote, na ncha zake zilikuwa laini kama yai. Mama mwenye kofia hakuwa na ncha tena. Alikuwa amezimaliza.

Jumapili ya pili nilikwenda hekalu la Masingasinga, wale wa vilemba. Nao huvua viatu. Mlangoni kuna meza ndefu, unakabidhi viatu, unapewa namba. Aliyepokea vyangu alikuwa mwenye duka la vyuma, yule jirani yangu tajiri ambaye hunikunjia uso nikimwomba misumari robo kilo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, kitambaa mkononi, akivipangusa viatu vyangu.

"Bosi! Umefilisika?"

"Nipo ibadani," akanijibu.

"Ibada iko ndani."

"Na hii ni ibada. Leo ni zamu yangu ya viatu."

"Unajua ni vya nani hivyo?"

"Ni namba arobaini na mbili."

Kila siku watu huniona mtu wa chini kwa sababu nashika viatu vya watu, nami huwatukana kwa vina moyoni. Huyu ana magari matatu, na amevua saa yake ya dhahabu asiikwaruze ngozi ya kiatu cha mtu asiyemjua. Nikavuta kigoda cha pili. Alinipa kitambaa. Sikuingia ndani hata dakika moja.

Alhamisi mchumba wangu alikuja kibandani na mfuko.

"Viatu vya Bibi vya kanisani. Kaza kisigino, upige na kiwi. Jumamosi anakuhukumu, anataka akuhukumu akiwa nadhifu."

Alipoondoka nikavitoa. Soli zile nilizitia mimi mwenyewe, mwaka jana, wiki moja baada ya mazishi ya mume wa Bibi. Nikavigeuza, nikavisogeza kwenye mwanga. Ncha zilikuwa nzima, bado na rangi ya kiwanda. Mkunjo hakuna. Nilijaribu kumtetea: labda magoti yanamsumbua. Lakini huyu nimemwona akipiga magoti kusugua sakafu nzima ya sebule bila kupumzika. Na kwenye visigino kulikuwa na grisi nyeusi, nzito, ile ya kituo cha mabasi. Makondakta huniletea kila siku, naijua kwa harufu.

Kila Jumapili Bibi hutoka na mkoba na kitabu chake. Kanisani hafiki.

Nisidanganye, nilipiga meza kwa furaha. Nilikuwa nimemshika! Hata mistari miwili ilinijia palepale, ya kumaliza baraza zima kwa pigo moja. Vina vilikaa vyenyewe, mizani haikupungua hata silabi. Sijawahi kutunga kitu kizuri kama kile.

Jumamosi walikuwepo mjomba, shangazi, mchumba wangu, na Bibi katikati. Mimi nilikaa kwenye kiti cha mbao, mfuko wa viatu magotini.

"Haya," akasema Bibi. "Umeona nini?"

"Nimeona viatu, Bibi."

Mjomba aliguna.

"Mungu je?" akauliza shangazi.

"Sikumwona. Naomba radhi, shangazi. Hotuba hata moja sikuimaliza. Niliona viatu, na wenye viatu niliwaona kupitia viatu. Nimewaheshimu. Lakini nikisema naamini nitakuwa namdanganya Bibi."

Mjomba alipiga paja. "Basi yameisha! Wiki mbili za bure. Kijana, mtazame huyu mama hapa. Tangu afiwe na mumewe, Jumapili hata moja hajakosa! Mvua, jua, homa, yuko kanisani. Mtu wa namna hiyo unamletea habari za viatu? Hakuna ndoa hapa."

Mchumba wangu aliinama. Niliona chozi likidondoka kwenye kanga yake.

Mistari ilinipanda kooni. Ilikuwa pale, kwenye ncha ya ulimi, imejipanga. Silabi thelathini na mbili tu, na mjomba angenyamaza mwaka mzima. Nikamtazama Bibi. Bibi alikuwa akiutazama mfuko magotini mwangu, na nikaona ameelewa nini kimo ndani na nani amekishika. Mikono yake ilikuwa imekamata kiti.

Nikaimeza. Ilishuka kama mfupa wa samaki.

"Haya, mjomba," nikasema nikiinuka. "Umesema kweli. Bibi, viatu vyako hivi hapa, kisigino nimekaza."

"Kaa chini," akasema Bibi. "Nyinyi wengine tupisheni."

"Lakini mama..." akaanza mjomba.

"Nimesema tupisheni!"

Walipotoka, alivitoa viatu, akavigeuza. Visigino vilikuwa safi. Grisi nilikuwa nimeifuta yote kwa mafuta ya taa.

"Uliona."

"Niliona."

"Mimi na Mungu tumenuniana," akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kuwa anayo. "Ni mambo ya wakubwa. Alimchukua mzee wangu bila kuniambia. Basi nakwenda stendi, nakaa kwenye benchi, naangalia watu wakishuka. Simsubiri, sijachanganyikiwa. Nakaa tu."

"Ndiyo, Bibi."

"Mjomba wako alikuwa anakunyang'anya mke, na ulikuwa na la kusema. Wewe unayebishana hata na redio! Nani alikuzuia?"

Nilifikiri.

"Sijui, Bibi."

"Hujui." Akaviweka viatu chini. "Basi yupo. Jina lake mtajuana wenyewe." Kisha akasogeza kiti karibu, akashusha sauti zaidi. "Sasa nisaidie jambo moja. Yule jirani yangu mwenye kofia ya majani ana macho kama kunguru, na nimemwambia siku hizi nasali kanisa lingine. Zichubue kidogo hizi ncha. Kwa msasa tu."

"Hapana."

"Unasemaje?"

"Mimi ni fundi, Bibi. Natoa uchakavu, siutii. Ukitaka ncha zichubuke, kapige magoti mwenyewe."

Nikajua nimeharibu tena. Bibi alinikodolea macho, mabega yakaanza kumtikisika, akacheka mpaka mjomba akachungulia mlangoni.

"Ingieni!" akaita. "Mtoto ameolewa. Na wewe Hakuna, kesho saa tatu uje unichukue. Nina ugomvi wa kumaliza, nataka mtu wa kunishika mkono wakati wa kuinuka."

Nilimpeleka. Nilikaa na kusimama na wenzangu, nikakosea mara mbili tu. Alipopiga magoti, kiatu kililia kwa mkunjo wake wa kwanza, na mama mwenye kofia akageuka kutazama.

Ile mistari miwili ninayo mpaka leo. Mke wangu ameniomba, ameniapisha, amenifinya. Ni mizuri mno, na hata ninyi siwaambii.