Mlango wa Juu, Mlango wa Mbele

Mama Povu aliinama juu ya mashine ya kufulia, akaingiza mkono, kisha kiwiko, kisha bega zima, na bado vidole vyake havikugusa chini.

"Wifi, ukitumbukia humo mimi sina nguvu za kukutoa," alisema wifi yake, dada wa marehemu mumewe. Alikuwa amejikalia kwenye kiti cha plastiki tangu walipoingia dukani, mkoba mapajani, mgongo wima, kama mtu aliyekuja kuposa.

"Naangalia tu. Soksi ikibaki huko chini nitaitoaje?"

"Utaivua kama samaki."

Muuzaji alicheka kwa adabu. Alikuwa mwanamume wa makamo, mpole, mwenye shati jeupe lililonyooka. Mama Povu, kwa mazoea, alikuwa ameshaiona kola yake: inasuguliwa kwa nguvu mno, haitafika mbali. Macho yake hayakujua kustaafu, ila bega ndilo lililostaafu.

Jina la Povu alipewa mtaani, na hakulikataa. Tangu mumewe alipofariki aliingia nyumba za watu asubuhi na kutoka mchana, akifua. Alizijua familia kwa nguo zao: nani ameacha kazi, nani anasubiri mtoto, nani siku hizi halali nyumbani. Aliyajua na akayamwaga pamoja na maji machafu. Kwa povu hilo alimlea binti yake wa pekee, akamsomesha uuguzi, na uuguzi ukamchukua binti hadi nchi ya mbali yenye baridi, ambako alikuwa akiwaogesha wazee wa watu wengine.

Kisha bega la kulia likagoma. Daktari alimwambia limechakaa, asikamue tena nguo. Akaziacha nyumba za watu, lakini za kwake akaendelea kuzifua kwa mkono wa kushoto, huku akiuma meno, mpaka wifi akamchongea kwa binti kwenye simu. Binti hakutaka mjadala. "Nenda dukani, Mama, uchague mashine. Nitailipia nikiwa huku huku."

Ndivyo walivyofika hapo, mbele ya mashine mbili zilizosimama bega kwa bega, moja ikiwa na mdomo juu, nyingine ikiwa na dirisha la mviringo mbele.

"Hii ya mlango wa juu," muuzaji alisema, "haikuinamishi. Unasimama kama unavyopika. Maji yakikatika unamimina kwa ndoo, inaendelea. Na ukikumbuka nguo umeisahau, unaisimamisha, unafunua, unatumbukiza. Hii ya mlango wa mbele inakunywa maji kidogo, haipigani na nguo, na inakamua hadi zinatoka karibu kavu. Ila inataka bomba lenye maji ya uhakika, na ikishaanza imeanza. Inajifunga. Hufungui mpaka imalize."

"Kama mume wangu akikasirika," alisema wifi. "Chukua ya juu, twende zetu. Magoti yako na maji ya mtaa wetu vimeshaamua. Mimi nakaa hapa kwa ajili gani?"

"Wewe umekaa kwa ajili ya feni."

Wifi alitazama feni juu ya kichwa chake, akaupanga upya mkoba mapajani.

Simu ikalia. Binti alitokea kwenye kioo, bado amevaa sare ya kazini, nywele zimefungwa, macho yamevimba kidogo. Mama Povu alikisogeza kioo karibu na uso, kama kila mara, mpaka binti akaona paji la uso tu.

"Shikamoo, Mama. Shusha simu kidogo. Ndiyo, hapo. Umeziona?"

"Marahaba, mama. Nimeziona. Mbona umekonda?"

"Sijakonda, ni taa. Chukua ya mlango wa mbele, kama yangu. Ngoja nikuonyeshe, iko kazini sasa hivi."

Kioo kiliyumba. Mama Povu aliona ukuta, meza nyembamba, kikombe kimoja, kiti kimoja. Hakuwahi kuona jikoni kwa binti yake. Siku zote binti alipiga simu akiwa ameegemea ukuta mweupe, na mama alikuwa ameujengea ukuta ule nyumba nzima akilini, yenye sebule na wageni. Sasa aliona dirisha la mviringo, na nyuma yake sare za buluu zikipanda na kuanguka, zikipanda na kuanguka.

"Nikitoka kazini naketi hapa chini mbele yake," binti alisema. Sauti yake ilitoka nyuma ya simu, haikuwa na uso. "Huwa naitazama tu. Wakati mwingine usingizi unanipitia hapa hapa sakafuni."

"Sakafuni? Kwenye baridi hiyo?"

"Inavuma vizuri, Mama. Kama kuna mtu ndani."

Mama Povu alikumbuka uani kwao, binti akiwa msichana wa shule, kila Jumamosi wakikamua mashuka. Mmoja alishika ncha hii, mwingine ncha ile, wakasokota kila mtu upande wake mpaka shuka likawa kamba na maji yakawarukia miguuni. Binti alipenda kuvuta ghafla ili mama apepesuke. Shuka moja lilichukua nusu saa kwa vicheko. Kidole kimoja hakivunji chawa, alikuwa akimwambia, na mtu mmoja hakamui shuka. Lakini baadaye alikuja kulikamua peke yake, miaka mingi tu, ncha moja ameifunga kwenye nguzo. Labda ndiko bega lilikoishia.

"Mama? Umenisikia? Unataka nini kingine, nikulipie pamoja?"

Ndilo swali lililofunga kila simu yao, na jibu lake lilikuwa tayari mdomoni, limelainika kwa kutumiwa: sina shida, mwanangu, mimi niko salama. Likizo iliyopita binti alisema mwakani. Ile ya kabla yake pia alisema mwakani, na Mama Povu akamjibu vivyo hivyo, akakata simu, akaenda kufua kitu kisicho na uchafu.

Safari hii jibu lilikwama. Wifi alikuwa akimtazama. Muuzaji alikuwa akifuta vumbi kwenye mashine isiyo na vumbi.

"Nataka uje," alisema Mama Povu.

Uso wa binti ukarudi kwenye kioo. Ulikuwa mtupu kwanza, halafu kitu kikaanza kutetemeka pembeni mwa mdomo. Wakati huo huo, huko jikoni kwake, mashine ilianza kukamua. Ngurumo yake iliijaza simu. Midomo ya binti ilicheza. Alisema neno, kisha sentensi, kisha akasema tena jambo refu, akiwa amefumba macho, akafuta shavu kwa mkono wa sare. Mama Povu hakusikia chochote isipokuwa mvumo. Alitikisa kichwa kukubali, polepole, kama anayesikia yote. Mvumo ulipotulia, binti alikuwa amekwisha kusema.

Angeweza kumwomba arudie. Ombi hilo alilishika, akaliangalia, akaliweka chini. Kama jibu lilikuwa ndiyo, lisingeharibika kwa kukaa. Kama lilikuwa hapana, basi asilisikie akiwa katikati ya duka.

"Sawa, mama," alisema. "Kapumzike. Kitandani, si sakafuni."

"Umechagua ipi?"

"Ya mlango wa juu."

"Kwa nini, Mama? Ile nyingine ni nzuri zaidi."

"Maji yetu hukatika."

Simu ikazimika. Wifi alishasimama, mkoba begani. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alizungumza kwa sauti ya chini. "Amesema nini?"

"Ile ya mlango wa mbele ni ya mtu mmoja," Mama Povu alijibu, akipapasa kifuniko. "Unaketi unaitazama, basi. Hii mnaweza kusimama wawili."

Wifi alimshika mkono ule mzima, wakaenda kuandikisha.

Mashine ililetwa kesho yake. Fundi wa bomba, mzee mwenye kikohozi na mkono mwepesi, aliunganisha mpira wa maji nyuma ya jiko, akapima usawa kwa bilauri iliyojaa, akaweka kipande cha ubao chini ya mguu mmoja. Kisha akaanza kuisukuma kuelekea pembeni.

"Tuibandike ukutani, mama, utapata nafasi ya kupita."

"Iache hapo."

"Hapa upande ule wa pili unapotea bure."

"Haupotei. Iache."

Fundi alikohoa, akakusanya vifaa vyake, akaondoka.

Nguo za kwanza hazikuwa zake. Alikwenda chumba cha uani cha binti, ambacho sasa kilikuwa hakilaliwi na mtu, akayashusha mapazia kwa mkono wa kushoto, pete moja baada ya nyingine. Mwanga ukaingia chumbani bila kubisha hodi, ukakikuta kitanda na godoro lililokunjwa. Aliyabeba mapazia kifuani, yakimpigisha chafya, akayatumbukiza, akanyunyiza sabuni, akabonyeza kitufe alichoonyeshwa. Kifuniko alikiacha wazi.

Maji yalianza kupanda. Mapazia yalivimba, yakajaa hewa, yakazama. Mama Povu alisimama upande wake, kiganja ukingoni, akihisi mtetemo mdogo ukimpanda hadi kwenye kiwiko. Matone yaliruka, yakalowesha miguu yake na saruji iliyomzunguka. Alitazama ng'ambo ya mashine, ambako sakafu ilikuwa bado kavu.